Lori linapoteza maji: uliza kwanza yanapotea lini

Mfumo wa maji wa lori la dizeli umefungwa. Maji yanayotoka kwenye bloku, yaani mwili wa injini, kwenda kwenye rejeta na kurudi hayachomwi kama dizeli, wala hayaliwi kidogo kidogo kama oili. Dereva akilazimika kuongeza lita moja kila asubuhi, lita hiyo imekwenda mahali, na njia ni nne tu: imedondoka chini, imeingia kwenye oili, imeingia kwenye silinda ikatoka na moshi, au imeingia kwenye upepo wa breki. Fundi anatakiwa kujua ni njia ipi kabla hajashika spana.

Hapa Tanga malori mengi hutembea na dumu la maji limefungwa nyuma ya kabini, na tingo, msaidizi wa dereva, anajua kabisa kwamba Hale ataongeza na Segera ataongeza tena. Mazoea yamefanya dereva asione kwamba huo ni ubovu. Ni ubovu, na una gharama. Kila lita mpya ya maji ya bomba au ya kisima inaingiza hewa na chumvi mpya ndani ya injini, dawa iliyomo kwenye kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, inazidi kuzimuliwa, na siku dumu likiisha mlimani silinda hedi, kile kifuniko cha chuma juu ya silinda, inapinda. Nimeona hedi zilizopinda kwa sababu ya klipu moja iliyolegea, na jambo hilo linaniuma kila mara, kwa kuwa mwenye gari hulipa fedha za injini kwa kosa la kitu cha bei ndogo mno.

Gari likifika gereji, mazungumzo yangu na dereva huenda hivi:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Maji yanapotea lini?"

"Kila siku, fundi."

"Kila siku wakati gani? Likiwa limelala, likiwa linatembea, au ukishazima?"

"Asubuhi nakuta yamepungua."

"Jioni ulipima?"

"Sikupima."

Hapo bado hatujajua kitu. Maji aliyoyakosa asubuhi yanaweza kuwa yamepotea usiku, au yalipotea jana mchana akiwa na mzigo na yeye hakufungua boneti mpaka kulipokucha. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kalamu. Lori likishapaki na injini ikapoa kabisa, piga alama kwenye tenki la akiba usawa wa maji. Alfajiri, kabla ya kuwasha, angalia. Halafu angalia tena jioni inayofuata injini ikiwa imepoa vilevile. Siku mbili za alama zinatenganisha upotevu wa usiku na upotevu wa kazini, na sababu za hayo mawili mara nyingi ni tofauti.

Je, kweli yanapotea?

Kabla ya kuamini kuna uvujaji, hakikisha. Wapo madereva wanaojaza tenki la akiba hadi mdomoni kila asubuhi. Maji yakipata moto yanatanuka, nafasi ya kutanukia haipo, yanamwagwa kwa bomba la kufurikia, na kesho yake tenki linaonekana limepungua. Anajaza tena. Gari la namna hiyo halina tatizo lolote. Liache lishuke lenyewe mpaka litulie. Likitulia kati ya alama ya chini na ya juu na likabaki hapo kwa wiki, funga boneti uende zako.

Hali nyingine ya namna hiyo ni gari lililotoka kutengenezwa. Mfumo ukijazwa haraka, hewa hunaswa ndani ya bloku, kwenye mipira ya hita na juu ya hedi. Safari ya kwanza au ya pili hewa inatoka, maji yanashuka kuziba nafasi yake. Kiasi hicho kikiongezwa mara moja na kikakaa, si uvujaji.

Kuhusu usalama nitasema machache. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Ndani kunaweza kuwa na maji yaliyozidi nyuzi 100 ambayo hayajachemka kwa sababu tu yamebanwa, na ukiyaachia yatachemka yote kwa pamoja usoni pako. Mpira wa juu ukiwa mgumu mkononi, subiri. Ukiinua kabini, weka nguzo yake ya kuzuia, usiamini pampu peke yake. Na kulanti ina ladha tamu lakini ni sumu inayoua figo. Gereji zetu nyingi ziko wazi, mbuzi na kuku wanapita, watoto wanacheza. Ikinge kwenye beseni, usiiache ardhini.

Yanapotea lori likiwa limelala

Ukikuta alama ya jioni iko juu na ya alfajiri iko chini, na chini ya gari pana doa, shukuru. Huu ndio uvujaji rahisi.

Usianze kutafuta kwa kufuata tone linapoangukia. Feni ya lori ina nguvu, na gari likitembea upepo unasukuma maji nyuma. Tone linaloanguka chini ya giaboksi linaweza kuwa limeanzia kwenye pampu ya maji mbele. Osha injini, ikauke, kisha tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Ukoko nao unasema. Maji ya kawaida yakikauka huacha ukoko mweupe, kulanti huacha rangi yake, kijani au pinki. Ukoko mkavu kwenye kiungo ni ushahidi kwamba pale palivuja hata kama sasa pamekauka.

Klipu na mipira ndiyo ya kwanza. Bonyeza kila mpira karibu na klipu: uliovimba, uliolainika kwa oili au unaopasuka juu juu unapokunjwa umekwisha. Kuna uvujaji unaotokea injini ikiwa baridi tu. Gari lililopanda Lushoto kuchukua mboga na kulala huko mwezi wa saba hukutwa na tone asubuhi, na likishuka Mombo tone halipo. Mpira na chuma husinyaa kwa viwango tofauti, na klipu isiyojirudisha inabaki na nafasi. Kaza klipu injini ikiwa baridi, na usiikaze hadi ikate mpira.

Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya shingo yake. Liliwekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Alama ya unyevu iliyokauka si hoja, lakini tone linalojirudia maana yake sili imekufa. Shika feni uitikise. Ikicheza, beringi nayo imekwenda. Nimekuta tundu hilo limezibwa kwa silikoni na fundi aliyetaka tone lisionekane. Tone kweli halikuonekana tena, ila maji yaliingia kwenye beringi, pampu ikakata, feni ikala rejeta.

Rejeta yenyewe iangalie pembeni ambako tenki la juu na la chini vinaungana na mirija, na kwenye masikio ya kufungia. Kwa malori yetu chumvi ya bahari inakula mapezi, hasa yale yanayoshinda bandarini, na mapezi yakiisha mrija unabaki peke yake. Lakini mtikisiko ndio adui mkubwa zaidi. Lori linaloingia mashamba ya mkonge au barabara za vumbi za Handeni likiwa na mipira ya kukalia rejeta iliyoliwa, litapasua rejeta palepale kila baada ya miezi michache, na fundi wa lehemu atalaumiwa bure. Angalia mipira hiyo, angalia na ya kukalia injini.

Sehemu mbili husahaulika. Ya kwanza ni hita ya kabini. Tanga nani atawasha hita? Lakini maji yanapita huko, au yanasimama huko, na mipira yake ina umri wa gari. Zulia la upande wa abiria likilowa na kioo cha mbele kikapata ukungu wenye harufu tamu, chanzo ni hita. Ya pili ni vizibo vya chuma vilivyopigwa ubavuni na nyuma ya bloku. Vinaliwa na kutu kutoka ndani, na cha nyuma kikitoboka, maji yanatokea kwenye nyumba ya klachi, mtu akadhani ni giaboksi.

Yanapotea kazini

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri. Gari limelala usiku kucha bila kupoteza tone, likienda Horohoro tupu halipotezi, lakini likipakia saruji Pongwe na kuelekea Segera maji yanakwenda. Maana yake tundu linafunguka kwa joto na shinikizo tu, au shinikizo lenyewe limezidi kipimo.

Anza na mfuniko. Ni kitu kidogo kinachodharauliwa kuliko vyote, lakini ndicho kinachoamua maji yachemke kwa nyuzi ngapi. Mfuniko wa baa 0.9 (baa ni kipimo cha shinikizo) ukiwa mzima, maji matupu usawa wa bahari hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Springi ikilegea au raba ikipasuka, yanarudi kuchemka kwa 100. Sasa lipeleke gari hilo Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya bahari: maji yasiyobanwa huko huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Thamostati, valvu inayofunguliwa na joto ili maji yaende kwenye rejeta, kwenye dizeli nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 na kumaliza kufunguka karibu na hizo hizo 95. Kwa maneno mengine, gari lenye mfuniko mbovu linapanda kutoka Mombo kupita Soni, zaidi ya kilomita 30 za kona na mzigo, likiwa halina nafasi kati ya joto lake la kawaida la kazi na kuchemka. Litamwaga maji kwa bomba la kufurikia, na watu watasema gasketi ya silinda hedi imeungua. Badilisha mfuniko kwanza, na uwe wa kipimo kilekile kilichoandikwa juu ya ule wa zamani. Wa kipimo kikubwa zaidi haukuongezei usalama, unapasua rejeta.

Mfuniko una valvu ya pili, ya kurudisha maji injini inapopoa. Ikikwama, ndani kunakuwa na mvuto, na asubuhi utakuta mpira wa rejeta umebanana. Ukiona hivyo usikimbilie kubadili mpira.

Mfuniko ukiwa mzima, tazama gari dakika 10 hadi 15 baada ya kuzima. Pampu imesimama, joto lililomo kwenye chuma linaendelea kuingia kwenye maji, shinikizo linapanda, na nyufa zisizoonekana injini ikinguruma hujitokeza hapo. Lala chini na tochi wakati huo huo, usisubiri baada ya chakula.

Kupima kwa pampu

Pampu ya mkono ya kupimia rejeta ina thamani kuliko maneno ya mafundi watano. Inafungwa mahali pa mfuniko, injini ikiwa baridi na maji yamejaa, kisha unapampu hadi kipimo kilichoandikwa kwenye mfuniko na unaacha robo saa. Mshale ukisimama, mfumo wa nje ni mzima kwa hali ya ubaridi. Ukishuka na unaona tone, umeshapata. Ukishuka na huoni tone popote, maji yanaingia ndani ya injini.

Kwa kuwa pampu hizo si kila gereji inayo, wengi hutumia upepo wa kujazia matairi. Nakusihi usifanye hivyo. Upepo wa kompresa ya matairi ni baa 8 au zaidi, na rejeta haikuundwa kwa hata robo ya hizo. Tenki la plastiki hupasuka na vipande vyake hukata. Kama huna kifaa, afadhali pampu ya baiskeli iliyounganishwa na geji, ukipampu polepole bila kuvuka kipimo cha mfuniko.

Chini pakavu na maji hayapo

Sasa tumebaki na njia tatu za ndani. Ziendee kwa utaratibu huu, kwa kuwa unaanza na zile ambazo hazihitaji kufungua kitu.

Fungua valvu za matangi ya upepo wa breki. Kutoa maji kidogo ya mvuke ni kawaida, hasa kwa unyevu wa pwani. Lakini yakitoka maji yenye rangi au utelezi wa kulanti, kompresa ya upepo inavuja ndani. Kompresa nyingi za malori hupozwa kwa maji ya injini, na hedi yake ina gasketi kama injini. Gasketi hiyo ikikatika inaweza pia kusukuma upepo kuelekea kwenye maji. Utaona mapovu kwenye tenki la akiba na utaapa kwamba ni gasketi ya silinda hedi. Kuzitenganisha si kazi. Acha injini ingurume gari likiwa limesimama, jaza upepo mpaka kompresa iache kusukuma, na tazama mapovu. Yakikoma au yakipungua sana kompresa inapopumzika na kurudi unapokanyaga breki mpaka ianze tena, shughulikia kompresa. Watu wameshusha hedi nzima kwa kukosa kufanya kipimo hiki ambacho hakina gharama.

Halafu oili. Kijiti cha kupimia kikitoka na oili ya rangi ya chai ya maziwa, maji yamo. Kijiti kikiwa safi, bado usitangaze ushindi, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na yanakaa chini ya sampu, lile karai la oili chini ya injini. Liache lori lilale usiku mzima, asubuhi kabla ya kuwasha legeza bolti ya kumwagia oili taratibu. Yakitangulia maji, umepata jibu. Ukoko mweupe chini ya mfuniko wa kujazia oili peke yake hautoshi kuwa ushahidi, maana gari la safari fupi za mjini nalo hupata.

Maji kwenye oili yana mlango zaidi ya mmoja. Kula ya oili, yaani kipoozaji cha oili, ikitoboka, injini ikinguruma oili ina shinikizo kubwa kuliko maji, kwa hiyo oili ndiyo inayoingia kwenye rejeta na utaona utando mweusi unaoteleza kwenye tenki la akiba. Ukizima, oili inapoteza shinikizo lakini maji bado yamebanwa, yanarudi upande wa oili. Dalili zote mbili kwa pamoja, bila moshi mweupe na bila mapovu, zikuelekeze kwenye kula kabla ya hedi. Injini zenye laina (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazoguswa na maji moja kwa moja zina mlango mwingine: oringi za chini ya laina. Zikichoka, maji hushuka taratibu kwenye sampu hata gari likiwa limelala. Toa sampu, weka shinikizo kwa ile pampu ya kupimia, na tazama kutoka chini ni laina ipi inalia machozi. Laina hizo pia hutobolewa na maji yenyewe. Pistoni inapogonga, ukuta wa laina unatetemeka, mapovu madogo yanazaliwa na kupasuka juu ya chuma, na kila moja linanyofoa chembe. Kulanti yenye dawa sahihi huweka utando unaolinda chuma, maji matupu hayaweki chochote. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nigombane na wale wanaosema Tanga hakuna barafu kwa hiyo kulanti ya nini.

Mwisho, silinda. Washa injini ikiwa baridi kabisa na ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, shinikizo hilo si la joto, ni la moshi wa silinda unaopita kwenye gasketi au ufa wa hedi. Mapovu yanayoendelea bila kukoma, kompresa ikiwa imeshaondolewa kwenye lawama, yanasema hivyo hivyo. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu unaoendelea injini ikishapata moto ni dalili nyingine. Moshi mweupe wa alfajiri unaoisha baada ya muda unaweza kuwa dizeli isiyoungua. Na dereva akikwambia asubuhi stata inagoma kana kwamba injini imekamata, mkataze kulazimisha. Maji hayabanwi. Silinda iliyojaa maji ikilazimishwa, konrodi inapinda. Toa nozeli, zungusha injini kwa mkono, na silinda itakayorusha maji imejitaja yenyewe.

Kutengeneza

Rejeta ya shaba inatengenezeka. Fundi mzuri wa lehemu ataifungua matenki, atasukuma mirija iliyoziba, atachomelea na kuipima ndani ya beseni la maji. Mkumbushe asizibe mirija mingi. Kila mrija uliozibwa ni upoozaji uliopunguzwa, na gari litachemsha mlimani hata kama halivuji. Rejeta ya aluminiamu yenye matenki ya plastiki ni habari nyingine. Gundi juu ya plastiki iliyopasuka inakufikisha nyumbani, haikuhudumii mwaka. Badilisha tenki lenyewe pamoja na raba yake, au rejeta.

Mipira ibadilishwe kwa jozi, wa juu na wa chini. Ule wa chini uwe na springi ndani kama ulikuja nayo, maana pampu inavuta upande huo na mpira mtupu utabanana. Hita ambayo haitumiki na imetoboka unaweza kuiondoa kwenye mzunguko kwa kuunganisha mipira yake miwili kwa bomba fupi la chuma. Ni suluhisho safi.

Hedi ikishashushwa, kazi isiharakishwe kwa sababu mwenye mzigo wa machungwa anapiga simu kutoka Muheza. Weka rula iliyonyooka juu ya uso wa hedi na pima upenyo kwa vipimo vya bapa. Ulinganishe na kitabu cha injini hiyo, si cha injini inayofanana nayo. Uso wa bloku nao upimwe. Kwenye injini zenye laina za kupachikwa, kila laina lazima ichomoze juu ya bloku kwa kiasi kidogo kilichotajwa, na zote zilingane, kwa kuwa hapo ndipo gasketi inapobana. Laina moja iliyozama inatosha kuunguza gasketi mpya ndani ya mwezi. Bolti zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje. Bolti za kukazwa kwa nyuzi za pembe hurefuka. Zikivuka urefu ulioandikwa, nunua mpya.

Usitoe thamostati. Nalijua wazo hilo na najua linavyopendwa, lakini kwenye dizeli nyingi thamostati ikifunguka inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji haipozwi kamwe, na gari lenye mzigo linachemsha zaidi kuliko kabla.

Yai bichi, unga wa manjano, sabuni, pamoja na zile chupa za dawa ya kuziba zinazouzwa madukani: vyote vinafanya kazi kwa kujikusanya mahali penye njia nyembamba. Havijui kutofautisha tundu na mrija wa rejeta, wala hita, wala kula ya oili. Kama umekwama Mkata usiku na hakuna namna, itumie ufike. Ukifika, mwaga yote, osha mfumo, na tengeneza.

Maji ya kutia

Tanga tumekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mawe hayo hayo, na visima vingi vya upande huu vina chokaa iliyoyeyuka. Karibu na bahari kuna na chumvi. Maji hayo yakipata moto ndani ya injini yanaacha ukoko kwenye kuta za bloku pale hasa panapohitaji kupoa zaidi, na chumvi inakula aluminiamu na lehemu. Maji ya bomba yanayotoka Bwawa la Mabayani yametibiwa kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya rejeta. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri yasiyo na asidi. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri nayo watu huiita maji ya betri. Yakikosekana, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi baada ya mvua kuosha bati ni mbadala unaokubalika.

Changanya nusu kwa nusu na kulanti ambayo kitabu cha gari kinaitaja. Rangi isikudanganye: kijani cha kampuni moja si kijani cha nyingine, na aina zisizopatana zikichanganywa zinaweza kuganda na kuwa tope. Kama hujui kilichomo, osha mfumo uanze upya.

Kujaza na kujaribu

Paki pua ya gari ikiwa juu kidogo. Fungua hita upande wa moto hata kama hutaitumia, fungua skrubu za kutolea hewa kama zipo, na mimina taratibu mpaka maji yatoke bila mapovu. Washa injini, iache ipate moto mpaka mpira wa chini uwe wa moto, ndipo ujue thamostati imefunguka. Zima, iache ipoe, jazia, piga alama ya kalamu.

Jaribio lifanane na kazi ya gari. Lori la mboga za Lushoto usilijaribu kwa kuzunguka mitaa ya Ngamiani mjini. Lipakie, lipeleke Segera na kurudi, ukitazama geji kwenye vilima. Ukifika, liache lingurume bila mwendo dakika tatu hadi tano kabla ya kuzima ili turbo na hedi zishuke joto, kisha lala chini na tochi kwa ile robo saa. Asubuhi kaza tena klipu zote mpya zikiwa baridi na soma alama. Ikiwa imeshuka kidogo mara ya kwanza ni hewa; jazia. Ikishuka tena siku ya pili, usimkabidhi mwenye gari funguo. Rudisha pampu ya kupimia kwenye shingo ya rejeta uanze upya.